Naomba Wiki Mbili Zaidi

Kwa miaka tisa mfululizo, kuanzia 2017 mpaka 2025, kila ilipofika katikati ya mwezi wa nne wenzangu hapa ofisini walikuwa wananiangalia tumboni. Macho yamevimba, nasinzia kwenye kikao cha kupanga kurasa, kahawa ya tatu saa nne asubuhi, na mume wangu akija kunichukua jioni ana ile sura ya mwanaume aliyevumilia mengi. Hapana jamani, haikuwa mimba. Ilikuwa hoki.

Usicheke kwanza. Najua ukisikia mpira wa magongo unakumbuka uwanja wa nyasi na wasichana wa shule wenye sketi fupi. Huu wangu unachezwa juu ya barafu. Wanaume wamevaa viatu vyenye kisu chini, wanakimbiza kisahani cheusi cha raba chenye upana wa sentimita 7.6, na kinakwenda kasi kiasi kwamba mwaka wa kwanza nilikuwa najua limeingia goli pale tu ninapoona watu wanakumbatiana. Timu yangu ni Toronto Maple Leafs, ya Kanada. Kombe la Stanley walilichukua kwa mara ya mwisho tarehe 2 Mei 1967, yaani miezi mitatu baada ya Azimio la Arusha. Hadi msimu wa 2025 unakwisha, hawakuwa wamelishika tena. Ndiyo, hao ndio niliowachagua.

Kusema kweli sikuwachagua, nililetewa. Kaka yangu alihamia Toronto mwanzoni mwa 2005, na kwa bahati yake alifika msimu ambao hoki haikuwepo kabisa. Wachezaji na wenye timu walikuwa wamegombania mishahara mpaka ligi nzima ya 2004–05 ikafutwa. Fikiria mtu anahamia Dar mwaka ambao Simba hawachezi wala Yanga hawachezi! Alikuwa anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, na wenzake walikuwa wanaiongelea timu isiyocheza kama wajane wanavyomwongelea marehemu. Iliporudi, naye akawa ameshanasa. Mapenzi yake yakanifikia Tabata kwa njia ya jezi moja ya bluu yenye jani jeupe kifuani, saizi ya mwanaume mnene, ambayo mpaka leo naivaa kulalia.

Leafs hawakuingia kwenye mtoano mpaka 2013. Miaka minane kaka anasubiri. Wakaingia, wakafika mechi ya saba dhidi ya Boston, na kipindi cha tatu wakawa wanaongoza 4–1. Boston wakarudisha moja. Halafu, kwenye dakika moja na nusu ya mwisho, Boston wakiwa wamemtoa kipa wao ili waongeze mshambuliaji (inaruhusiwa, goli linabaki tupu kabisa), wakafunga mawili. Kwenye muda wa nyongeza wakafunga la tano. Kaka alinipigia simu alfajiri ile na hakusema kitu. Nilimsikia anapumua tu.

Baba alifariki 2016, na nyumba ya Tanga ikaleta maneno. Nani aliambiwa nini pale kitandani, nani alituma hela ya bati, nani alikuwepo na nani alikuwa mbali. Sitayafungua hapa, maana mwenzangu hana ukurasa wa kunijibu. Itoshe kujua kwamba ilipofika arobaini mimi na kaka tulikuwa tunaongea kupitia Mama, na Mama akichoka kupeleka ujumbe, hatuongei.

Basi Aprili 2017 Leafs wakaingia tena mtoano, dhidi ya Washington. Mechi za kule zikianza saa moja jioni, huku kwetu ni saa nane usiku. Simu ikatetemeka. Namba ya kaka.

“Unaangalia?”

“Shikamoo kaka. Naangalia.”

“Marahaba. Huyu refa ni mgonjwa.”

Ndivyo tulivyoanza. Pale chuoni, kwenye darasa la mawasiliano, tulisoma habari za Malinowski, aliyeandika mwaka 1923 kwamba kuna maneno ambayo kazi yake si kupeleka habari, ni kushika uzi kati ya watu wawili usikatike. Mtu wa pwani hahitaji digrii kulijua hilo. Habari za asubuhi, za watoto, za kazi, za tangu juzi, na kote jibu ni nzuri hata kama bati limeezuliwa na upepo. Mimi mdogo nikimwandikia mkubwa wangu shikamoo, hata kama moyoni nina donge, yeye hana njia isipokuwa kuipokea. Baada ya hapo tuna magongo ya kujadili, na magongo hayana urithi.

Sasa naomba uelewe jinsi mtoano wao unavyokwenda, maana hapa ndipo penye siri yangu. Huku Kariakoo tunacheza dakika tisini, mmoja anacheka, mmoja ananuna, yamekwisha. Wao raundi moja ni mechi hadi saba, mpinzani ni yule yule, na anayewahi kushinda nne ndiye anasonga. Kati ya mechi na mechi kuna siku moja ya kupumzika, mara nyingine mbili. Piga hesabu: raundi moja iliyokwenda mpaka mwisho ni kama wiki mbili. Leafs wakitolewa, meseji za kaka zinakoma siku hiyo hiyo mpaka mwakani. Leafs wakisonga, nimepata kaka kwa wiki mbili nyingine.

Kwa hiyo mume wangu aliponiuliza, kwa upole kabisa, kwa nini nalilia watu wasionijua, sikuwa na jibu fupi. Yeye ni Yanga damu, lakini analala.

Na nilivyopewa kwa kipimo! Wakatolewa 2017. Mwaka 2018 na 2019 Boston tena, mechi ya saba zote mbili. Mwaka 2020 ilikuwa mechi tano badala ya saba, mwezi wa nane, ukumbi mtupu kwa sababu ya korona, na Columbus wakatutoa. Lakini mwaka huo na kaka alikuwa yuko ndani peke yake, tukaandikiana hata siku zisizo na mechi. Mwaka 2021 tuliongoza 3–1 kwa mechi dhidi ya Montreal, tukapoteza tatu mfululizo. Mwaka 2022 Tampa Bay, mechi ya saba. Ndipo ikaja 2023. Tampa Bay tena, mechi ya sita, muda wa nyongeza, John Tavares akafunga. Raundi ya kwanza kushinda tangu 2004! Mume wangu alitoka chumbani akidhani kuna mwizi. Kaka aliniandikia herufi A kama arobaini hivi. Raundi iliyofuata Florida Panthers walitutoa kwa mechi tano tu, lakini tulikuwa tumeongea karibu mwezi mzima, na katikati yake akaniuliza kama Mama bado anakunywa zile dawa za presha.

Wako wanaoniandikia hapa ofisini kuhusu wachumba na waume, na ushauri wanaopewa na mashosti zao ni ule ule: usitarajie sana, utaumia. Mimi siuamini. Aliyezoea kutotarajia haumii kidogo, anaumia vile vile, ila peke yake. Shabiki wa timu kama hii anajua vizuri kabisa uwezekano ukoje. Mwaka wa 2024 Boston walitutoa kwenye mechi ya saba, muda wa nyongeza, na Aprili iliyofuata niliweka alarm ya saa saba na nusu usiku bila aibu. Matarajio yalikuwa ndiyo kisingizio chetu cha kukaa macho saa zile zile, mmoja barazani Tabata, mwingine ghorofa ya kumi na moja Toronto.

Basi 2025. Raundi ya kwanza tukawatoa Ottawa kwa mechi sita. Raundi ya pili wakaja Florida, mabingwa watetezi, na safari hii walikuwa na Brad Marchand. Huyu bwana alikuwa Boston miaka yote minne tuliyotolewa nao kwenye mechi ya saba, akahamia Florida Machi ile ile. Ni kama mwanaume uliyemkimbia ukahama mtaa, unafungua mlango, kumbe ndiye mpangaji mpya wa jirani.

Mechi ya kwanza tukashinda 5–4, ingawa kipa wetu Anthony Stolarz alipigwa kiwiko kichwani akatoka, akaingia Joseph Woll. Ya pili 4–3. Tunaongoza 2–0! Kaka akaanza kuandika “sisi.” Miaka yote alikuwa anasema “hawa jamaa.” Akaandika: “Mdogo wangu, hii tunaweza.” Niliisoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Ya tatu ilikuwa kwao Florida, tukaongoza 3–1, wakarudisha, ikaenda muda wa nyongeza. Nikasikia adhana ya alfajiri, jogoo wa jirani, pikipiki ya kwanza, na bado wanacheza. Akafunga nani? Marchand. Ya nne tukafungwa 2–0. Ya tano nyumbani kwetu 6–1, watu wakawazomea wachezaji wao wenyewe. Kaka akaandika “Haya,” na nilijua maana ya haya hiyo, niliwahi kuisikia kwenye kikao cha ukoo.

Mechi ya sita, nani alitegemea? Ugenini, Woll hakuruhusu hata bao moja, nahodha Auston Matthews akafunga kipindi cha tatu, ikaisha 2–0. Mechi ya saba Jumapili usiku, Toronto. Kwa huku ilikuwa Jumatatu alfajiri, na saa tatu nilikuwa na kikao na wachapishaji.

Tukafungwa 6–1. Sitakueleza yote. Wengine walianza kuondoka ukumbini kabla haijaisha. Mimi nilibaki mpaka mwisho kwa sababu ya kitu kimoja ninachokipenda mno katika mchezo huu: raundi ikimalizika, na si kabla, timu zote mbili zinapanga mstari, na wale waliokuwa wakigongana ukutani wiki mbili nzima wanapeana mikono mmoja mmoja mpaka mwisho. Ni nadra mtu kurukwa. Nilimwandikia kaka: “Wanapeana mikono.” Akajibu: “Naona.” Baada ya dakika kama kumi: “Kalale, una kazi asubuhi.”

Kisha kimya, kama nilivyotegemea. Mwezi wa sita Florida wakalichukua kombe. Mama akasema kaka kapiga, anasalimia. Nikasema na yeye msalimie.

Mwisho wa mwezi huo Leafs wakamwachia Mitch Marner aende Las Vegas, kijana aliyezaliwa hapo hapo jirani, Markham, na aliyekuwa na timu miaka yote hiyo tisa. Tarehe 1 Julai, ambayo kule ni sikukuu ya taifa na watu hawaendi kazini, simu yangu ikatetemeka saa kumi jioni nikiwa kwenye foleni Buguruni.

“Marner kaondoka.”

Julai hakuna hoki. Nilipaki pembeni, wenye magari nyuma yangu wakanipigia honi.

“Shikamoo kaka. Nimeona. Mgongo wako vipi siku hizi?”

“Marahaba. Mgongo poa. Hivi ile nyumba, bati la upande wa jikoni bado linavuja?”