Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi: Malipo ya sikukuu yasigeuzwe ahadi

Ndugu Kamishna,

Nakuandikia kwa ajili ya walinzi, wahudumu wa hoteli, wauguzi wa hospitali binafsi na wauzaji wa supamaketi, watu ambao Idd, Pasaka na Krismasi huwakuta zamu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imewakumbuka. Kifungu cha 25 kinaagiza anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Mwenye mshahara wa sh. 195,000 kwa mwezi, kwa wiki ya saa 45, saa yake moja ni kama sh. 1,000. Zamu ya saa 9 siku ya Mei Mosi, basi, ni sh. 18,000. Kwa mlinzi, huo ni unga na nauli.

Lakini anachoambiwa ni, "Utachukua ofu baadaye." Haiandikwi popote. Na mara nyingi ikija huwa ni ile ile siku ya mapumziko ya wiki, saa 24 ambazo kifungu cha 24 kilishampa, imebadilishwa jina tu. Analipwa kwa mali yake mwenyewe!

Kinachoniuma zaidi ni muda. Kanuni za usuluhishi za mwaka 2007 zinampa siku 60 kufikisha madai ya aina hii kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Akichelewa, kwanza aombe kibali na kueleza sababu. Aliyelinda geti Sikukuu ya Muungano, mshahara wa Aprili ukatoka bila nyongeza, naye akazidi kuahidiwa, kufika Saba Saba siku hizo zimekwisha. Kadiri anavyomwamini msimamizi wake, ndivyo haki yake inavyopotea.

Siku ya fidia siipingi; wapo wanaoihitaji sana, hasa wenye watoto wadogo. Ila iwe juu ya malipo ya sheria, na tarehe yake iandikwe kwenye ratiba ya zamu.

Maafisa kazi wako wanayo mamlaka ya kuingia sehemu za kazi, kukagua kumbukumbu na kutoa amri. Naomba baada ya kila sikukuu walinganishe ratiba za zamu na hati za mishahara za mwezi huo. Jina likiwepo zamu na malipo yasiwepo, mwajiri aandikiwe amri bila kusubiri malalamiko, kwani wenye mikataba ya miezi michache wanaogopa kulalamika. Waanze na kampuni za ulinzi.

Wako katika ujenzi wa taifa.