Chapati iliyolala haijakauka

Ukiuliza kwa nini chapati ya jana inakuwa ngumu asubuhi, kuanzia Kasumulu mpakani hadi Matema ufukweni utapewa jibu moja: imekauka. Mama lishe wa stendi ya Kyela atakujibu hivyo, mteja wake atakujibu hivyo, na mama mkwe ataongeza kwamba mke wa mwanawe hakukanda unga vizuri. Jibu hilo si kweli. Na kwa kuwa si kweli, dawa karibu zote zinazotokana nalo zinakiharibu chakula zaidi, zinawatia hasara wauzaji, na zinawabebesha lawama wanawake ambao hawajakosea kitu.

Tuanze na kinachoonekana kwa macho. Kyela si nchi ya ukame. Bonde lote hili liko chini, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, ziwa likiwa upande mmoja na milima upande mwingine, na kwa mwaka hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 za mvua. Mwezi wa nne shuka inashinda kwenye kamba bila kukauka, na chumvi inalowa kwenye kopo. Katika hewa ya namna hiyo chapati itakaukaje kwa usiku mmoja, tena ikiwa imefunikwa? Funua hotpoti asubuhi utazame. Chini ya mfuniko yamejaa matone ya maji. Chapati ya juu kabisa imelowa mpaka inateleza, na zile za chini yake, ambazo hazijapata njia ya kupoteza maji mengi, ni ngumu vile vile. Kitu kilichokauka kweli, biskuti kwa mfano, ukikikunja kinakatika kwa mlio. Chapati iliyolala haikatiki. Inapinda, inavutika kama ngozi.

Jambo hili lilishapimwa zamani. Mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa, Jean-Baptiste Boussingault, alionyesha kwamba mkate uliofungiwa usipoteze maji unakuwa mgumu hata hivyo. Akaonyesha pia kwamba ukipashwa hadi nyuzi joto kama 60 unarudi kuwa laini. Sababu ya ugumu huo ni hii. Wanga wa unga ukipikwa hunywa maji, ukavimba na kulegea. Ndiyo maana chapati inayotoka kwenye kikaango inachanika yenyewe mkononi. Ikipoa, chembe za wanga ule huanza kujipanga upya, zinasogeleana na kushikana, huku maji yakiwa bado humo humo ndani. Mshikamano huo ndio ugumu tunaoutafuna asubuhi. Moto wa kutosha unaulegeza. Mafuta kwenye unga huchelewesha kazi hiyo, na kukanda vizuri kunasaidia chapati iwe nzuri tangu mwanzo, lakini hakuna mikono duniani inayoweza kuuzuia wanga usijipange. Mama mkwe amlaumu mwingine.

Sasa tazama imani hii inatupeleka wapi. Nyumba zenye friji huziingiza chapati humo usiku ili zisikauke. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Baridi inayokaribia barafu, pasipo kuganda, ndiyo inayouharakisha wanga kujipanga. Katika vipimo vya mkate, ule uliokaa kwenye nyuzi 7 kwa siku moja uligeuka mgumu sawa na uliokaa siku 6 kwenye nyuzi 30. Nyuzi 30 ni joto la kawaida la mchana Kyela! Maana yake kabati la jikoni Ipinda linatunza ulaini wa andazi kuliko friji ya bei kubwa, na mwenye chapati zake atapata taabu zaidi akipanda nazo kwenye baridi ya Tukuyu kuliko akizibakiza huku bondeni. Sehemu ya kugandishia ni habari nyingine. Huko chakula huganda kabisa na kujipanga kwa wanga hupungua sana, kwa hiyo mwenye nayo na aitumie.

Wengine hukaanga upya. Maandazi ya jana yanatumbukizwa kwenye mafuta, ya alizeti au mawese, kwa hoja kwamba yamekauka na mafuta yatayalainisha. Yanalainika, ndiyo, lakini kilicholainisha ni joto. Mafuta yamenyonywa tu, yakaacha andazi zito linalopaka midomo, na muuzaji amechoma mtaji bila sababu. Hata chai tunaielewa vibaya. Tunadhani andazi hulainika kwenye kikombe kwa sababu limepata maji. Chovya la jana kwenye maji ya mtungi uone: nje litalowa na kuwa uji, ndani litabaki limekaza. Chai inafanya kazi kwa sababu imetoka kuchemka.

Basi lipashwe, na lipashwe kwa adabu yake. Jikoni kwa Wanyakyusa kifaa bora kipo nje ya mlango, nacho ni jani la mgomba. Libabue kwanza juu ya moto, upande huu na upande huu, mpaka rangi yake ing'ae na uti wake ulegee. Jani bichi litakupasukia. Paka maji kidogo kwa vidole kwenye maandazi mawili matatu, yafunge humo, yaweke pembeni ya makaa yanayokaribia kuwa majivu, geuza mara moja. Jani likianza kuungua kingo na kutoa harufu, fungua. Chapati inahitaji muda mfupi zaidi: kikaango kikavu, moto mdogo, matone machache ya maji na mfuniko juu. Chungu cha Wakisi, kama vile vinavyofinyangwa Ikombe na kuuzwa Lyulilo siku ya Jumamosi, kinafaa kuliko sufuria nyembamba, maana joto lake linakuja taratibu na halichomi chini. Pasha kiasi cha kuliwa saa hiyo tu, kwa sababu kila ukipasha unayafukuza maji kweli kweli, na kilichopashwa kikipoa hukaza upya.

Wali una sheria yake, na hapa imani yetu inatuponza upande wa pili. Mchele wa Kyela tunausifu hadi Dar es Salaam, wali wake tunauacha kwenye sufuria usiku kucha katika joto la bonde, asubuhi tunasema ukishapashwa hauna neno. Una neno. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus, ambaye mbegu zake zinastahimili kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu mbegu zinaamka, zinazaana, na zinaweza kutoa sumu ambayo moto wa jikoni hauivunji. Utapasha mpaka utoe moshi, sumu ile iko pale pale, na matokeo yake ni kutapika. Wali uliobaki upoe haraka ukiwa umetandazwa, kisha uingie kwenye friji hata kama utakaza. Ukaze, utalainika kesho. Asiye na friji apike wa kumalizika. Tunaliogopa andazi la jana, ambalo kosa lake ni kukaza tu, na tunauamini wali ambao ungestahili hofu hiyo. Andazi lililoota ukungu hilo ni la kutupa, na unyevu wa huku huuleta ukungu mapema, lakini la usiku mmoja halijafika huko.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu ya unga. Ngano haistawi kwenye joto hili. Sehemu kubwa ya inayoliwa Tanzania inatoka nje ya nchi, ikiwamo Urusi, halafu inapanda lori mpaka Kyela, na kila hatua inaongeza bei. Mwanamke anayeamka saa tisa usiku kukanda anaununua unga huo kwa fedha taslimu. Jioni yakibaki maandazi, mteja anayaita makavu, anataka nusu bei, na yanayobaki zaidi yanamwagiwa kuku. Mteja huyo huyo anapanda meli na chapati za jana kwenye mfuko, anazila baridi akielekea Mbamba Bay, na halalamiki, kwa kuwa amezibeba mwenyewe. Kinachopunguza bei pale stendi ni dhana ya mnunuzi. Mama lishe anayepasha andazi la jana kwenye jani, akalitoa laini na la moto, na aseme wazi kwamba ni la jana, kisha adai bei kamili.