Mtoto akinajisiwa, wazee wasiamue

Mhariri,

Hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wazee wanaamua mengi: mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, deni la dukani, ugomvi wa ndoa. Mkongomani, Mrundi na Msomali kila mmoja kaja na mila yake, na kamati za wakimbizi zinawasikiliza bila wao kulipa nauli ya kwenda mahakamani Mbarara. Nawaheshimu wazee kwa hilo. Hata Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 126, inazitaka mahakama zihimize suluhu.

Lakini mtoto anaponajisiwa, kisha familia mbili zikapatana kwa mbuzi na fedha, hiyo si suluhu. Ni jinai. Mtoto akiwa chini ya miaka 14, kesi ni ya Mahakama Kuu. Mzee anayeipokea anamficha mhalifu, na mama anaambiwa anyamaze asije akawagombanisha ndugu. Inauma sana.

Mahari nayo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya shirika la MIFUMI, iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Huku bado mwanamke anayepigwa anaambiwa ng'ombe warudi kwanza!

Mahakama tembezi iliyoanza kuja kwetu 2013 ilisaidia kwa sababu hakimu ndiye aliyetufuata. Tunaomba ije mara kwa mara, na wakalimani wa Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali, na wazee wetu waalikwe kuisikiliza.

Msomaji,
Nakivale, Isingiro