Mzazi Aulize Nini, na Lini

Miongoni mwa ada zilizozoeleka katika kaunti za Meru na Embu, tangu Igembe kwenye mashamba ya miraa hata Mbeere kwenye ardhi ya ukame, ni ile ya wazazi kukusanyika mbele ya shule baada ya Baraza la Mitihani kutangaza matokeo, wakalitia lango kufuli, wakamtaka mwalimu mkuu afungashe virago vyake kwa sababu alama ya wastani ya shule imeshuka. Chifu huja, afisa wa elimu huja, askari nao hawakosi; yakasemwa maneno mengi, mwalimu akahamishwa, akaletwa mwingine ambaye naye hupewa miaka yake michache kabla haijamfikia zamu yake. Mimi siwalaumu wazazi hao kwa kuuliza. Nawalaumu kwa kuuliza swali moja tu, nalo ndilo lenye faida ndogo kuliko yote.

Haki ya kuuliza wanayo, na asili yake ni kongwe kuliko sheria za leo. Wamishonari walifungua Kaaga, Chogoria na Kigari, lakini wenyeji nao walichanga fedha zao wakajiunga na harakati za shule huru, ambazo serikali ya kikoloni ilizifunga wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Na baada ya uhuru wakachanga tena kwa harambee, wakabeba mawe na mchanga kwa mabega yao. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, walitoa ardhi ya Nchiru, ambapo leo pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Hata sasa, mkulima wa Rukuriri au Kionyo anayengojea bonasi ya majani chai mwezi wa Oktoba aghalabu huwa amekwisha kuigawa kabla hajaipokea, na fungu la kwanza ni la karo, ambayo kwa shule ya bweni ya serikali imewekewa kiwango cha shilingi 40,535 au 53,554 kwa mwaka kwa kadiri ya daraja la shule, mbali na shilingi 22,244 ambazo serikali huahidi kwa kila mwanafunzi (nasema huahidi, maana namna zinavyofika, na wakati zinapofika, ni habari nyingine kabisa). Mtu aliyetoa kiasi hicho haambiwi kwamba yatendekayo darasani hayamhusu.

Lakini hiyo alama ya wastani ni shahidi dhaifu. Katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, A huhesabiwa kuwa pointi 12 na E pointi moja, na wastani wa shule hupatikana kwa kuwajumlisha watahiniwa wote pamoja, bila ya kuangalia kila mmoja alipokelewa akiwa na nini. Chini ya mfumo wa 8-4-4, shule za kitaifa zilichagua kwanza, zikafuata zile za ngazi ya kaunti, na wale waliosalia wakapelekwa shule za kutwa za karibu na kwao. Na tangu mwaka 2018, serikali iliposhikilia kwa nguvu kwamba kila mtoto aliyemaliza darasa la nane lazima aingie sekondari, shule hizo za kutwa zilipokea hata watoto waliopata alama 150 kati ya 500 katika mtihani wa darasa hilo. Tuseme shule moja ya kutwa huko Tigania imepokea watoto wa alama 180 ikawatoa na C, na shule mashuhuri yenye mabweni imepokea watoto wa alama 380 ikawatoa na hiyo hiyo C. Gazeti litaziweka mstari mmoja, ilhali ya kwanza imefundisha na ya pili imeharibu. Tena tusisahau kwamba katika KCSE ya mwaka 2024 waliofikia C+, ambayo ndiyo mlango wa chuo kikuu, walikuwa 246,391, yaani takribani robo tu ya watahiniwa wa nchi nzima. Msiba huu si wa kijiji kimoja.

Na mashindano haya ya wastani yamezaa maovu ambayo yafaa mzazi ayajue kabla hajapaza sauti. Mwaka 2014 Profesa Jacob Kaimenyi, mwana wa Meru aliyekuwa Waziri wa Elimu, alipiga marufuku kuzipanga shule kwa nafasi ya kwanza na ya mwisho. Watu wakamcheka, kisha wakaendelea kuzipanga wenyewe kwenye simu zao. Matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE ya mwaka uliofuata yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu, bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa, na Fred Matiang'i, aliyemrithi Kaimenyi katika wizara hiyo, aliposimamia mtihani wa 2016 kwa mkono wa chuma, waliopata A nchini kote walikuwa 141, hali mwaka mmoja nyuma walipita 2,600. Hebu mfikirie mzazi aliyekwenda shuleni Januari 2017 kwa ghadhabu, akidai aelezwe kwa nini shule imeporomoka kutoka mwaka uliotangulia. Yamkini aliifananisha kweli na uongo, akamwadhibu aliyesema kweli.

Liko ovu jingine lililo kimya zaidi. Mwalimu mkuu ajuaye kwamba kiti chake kinategemea wastani huanza kuwaangalia wanafunzi dhaifu kama mzigo: huyu anashauriwa arudie kidato, yule anaelekezwa akajiandikishe mtihani katika kituo kingine, na wa tatu anapewa barua ya nidhamu kwa kosa ambalo mwenzake mwenye akili nyepesi angesamehewa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kumrudisha mtoto darasa au kumfukuza shule, na bado hayo hutendeka. Kwa hiyo mzazi wa mtoto wa kawaida, na watoto walio wengi ni wa kawaida, apigapo kelele juu ya wastani humwamuru mwalimu mkuu, pasipo kukusudia, amwondoe mwanawe mwenyewe.

Maswali yenye manufaa ni mengine, nayo hayana mvuto wa kufuli. Nani alifundisha hesabu kidato cha pili, na ni majuma mangapi hapakuwa na mtu? Walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ni wangapi, na walioajiriwa na bodi kwa fedha za wazazi ni wangapi? Maabara ilitumika, au ilifunguliwa mwaka wa mtihani peke yake? Kila shule hupata kutoka kwa Baraza matokeo yake somo kwa somo, na Baraza hutoa ripoti zinazoeleza mahali watahiniwa walipokosea. Je, walimu waliketi wakazisoma? Mwalimu mkuu mwenye insafu atajibu haya kwa karatasi, na asiyeweza kuyajibu ndiye wa kutiliwa shaka, ijapokuwa wastani wake umepanda.

Swali la mahudhurio nimeliweka mbali kwa makusudi, kwa kuwa hilo huwageukia waulizaji. Kule Igembe wavulana huacha madarasa wakaenda kuchuma miraa, na huko Mbeere muguka nao una vijana wake. Fedha hupatikana jioni ile ile, na mwalimu wa kemia hana cha kushindana nayo. Mashamba hayo si ya mwalimu. Yana wenyewe, na baadhi yao huonekana Januari wakiwa mstari wa mbele pale langoni.

Njia za kuuliza zipo, tena hazihitaji kifua. Sheria hiyo ya 2013 imempa kila mzazi uanachama katika chama cha wazazi, chenye mkutano wake wa kila mwaka, na ndani ya bodi ya usimamizi mna nafasi sita za wawakilishi wa wazazi. Kifungu cha 35 cha Katiba kimempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeweka muda wa siku 21 wa kujibiwa. Barua moja yenye maswali manne, iliyotiwa sahihi na wazazi ishirini, humtia mwalimu mkuu hima kuliko matusi ya watu mia mbili, kwa sababu matusi huisha jua likichwa na barua hubaki kwenye faili.

Lakini barua ya Januari baada ya matokeo ni ya rambirambi. Aliyemaliza amemaliza, miaka yake minne hairudi. Watahiniwa wa KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4, ya mwaka 2027, tangu 2024 wamo madarasani. Nawaomba wazazi wao, wa Meru na wa Embu, waulize muhula huu.