Kevin ni mwanamke, na kazi yake ni kuchuchumaa

Wadau wa Muheza, Lushoto na kwingineko, ukisikia jina Kevin Awino unadhani ni jamaa wa Premier League. Hapana bwana. Ni dada, mlinda wiketi wa timu ya taifa ya kriketi ya wanawake Uganda, na amekuwa nahodha pia.

Kwa wasiojua mchezo: mlinda wiketi ndiye anayekaa nyuma ya vile vijiti vitatu, kavaa glovu kubwa na padi za miguuni. Kwenye mechi ya ova 20 kila timu inarusha mipira 120, na yeye anachuchumaa na kuinuka kwa kila mmoja. Akidaka mpira uliogusa gongo hewani, mpigaji katoka. Mpigaji akivuka mstari wake akaukosa mpira, anaangusha vijiti, katoka vilevile. Akikosea, wote wanaona. Ni golikipa, ila huyu hapumziki mpira ukiwa upande wa pili.

Sasa tazama hii. Ukifungua rekodi za Awino za kimataifa za ova 20, mechi ya kwanza ni ya tarehe 7 Julai 2018, dhidi ya Scotland, kule Uholanzi. Jamani, nani anapewa unahodha siku anayoanza kucheza? Uganda walifika kule kwa sababu mwaka 2017 waliibuka mabingwa wa Afrika kwenye mchujo wa Namibia. Lakini ICC ilianza kuzihesabu mechi za wanawake wa nchi wanachama wote kuwa za kimataifa tarehe 1 Julai 2018. Ubingwa upo, ila ile mipira waliyodaka Namibia haimo kwenye hesabu hiyo. Mimi hilo linaniuma, maana kwa wadada wa huku karatasi ndiyo inayobaki.

Uholanzi zilikuwa timu nane, nafasi mbili tu za Kombe la Dunia. Zikaenda Bangladesh na Ireland.

Na hesabu mpya nazo zina vituko vyake. Juni 2019 pale Rwanda, kwenye mashindano ya Kwibuka, Tanzania yetu ilipiga mikimbio 285 kwa wiketi moja dhidi ya Mali. Fatuma Kibasu peke yake 108, na hakutolewa. Mali wakaisha kwa 17. Siku mbili nyuma Uganda walikuwa wamewapiga Mali 314 kwa 10! Zote ni mechi halali za kimataifa. Tanzania walibeba kombe lile, hongera zao, lakini mlinda wiketi anajifunza nini siku mpinzani anapoisha kwa 17? Anahitaji mpigaji anayemsumbua hadi ova ya mwisho.

Hapo ndipo Muheza inapoingia. Mabinti wenye mikono ya kudaka tunao, nendeni mkaangalie netiboli za shule. Nionyesheni basi kiwanja kimoja cha kriketi kati ya Muheza na Lushoto ambapo binti anaweza kuvaa glovu zile mara mbili kwa wiki. Mpira wa kriketi ni mgumu kama jiwe, huwezi kuudaka kwa mikono mitupu ukaendelea na masomo kesho yake. Na glovu zenyewe, machungwa ya msimu mzima hayanunui jozi za timu.