Hicho Chuma Msikiite Udongo

Anayekuuzia kete za poka kwa kukutajia uzito anakuuzia chuma. Nalisema mapema kwa sababu biashara yote hii imesimama juu ya neno moja, "udongo", na wauzaji wanalitumia kana kwamba sisi hatulijui. Tumekulia kwenye vyungu na mitungi, jamani. Udongo tunaujua, na hauna kipande cha chuma tumboni.

Kwanza tuelewane ni mchezo gani. Siongelei ile poka ya shuleni, ya kumruka mwenzako kwa J, kumchapa na 2 au 3, kisha kutangaza "niko kadi". Ile haidai kitu ila karata na mdomo. Naongelea Texas Hold'em: karata mbili mkononi, tano mezani, marafiki sita sebuleni Ijumaa usiku, kila mmoja amechanga shilingi 500. Huo hauchezeki bila kitu cha kuhesabia dau. Ndipo mwenye nyumba anafungua simu, anaona sanduku la alumini linalong'aa, kete 500 ndani, maandishi yanasema "udongo halisi, gramu 14", na moyo unaanza kumdunda.

Masanduku haya yana historia. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker alishinda World Series of Poker na kuondoka na dola milioni 2.5, naye alikuwa amepata nafasi yake kupitia mashindano madogo ya mtandaoni. Baada ya hapo kila mtu Marekani akaona kwamba hata yeye anaweza. Poka ikahamia majumbani, na viwanda vikapata soko la watu ambao hawajawahi kushika kete ya kasino lakini wanataka kujihisi wako Las Vegas. Mtu wa namna hiyo ukimpa kitu kizito, ataamini ni kitu cha maana. Basi wakachukua kipande cha chuma, wakakivika plastiki, wakakitangaza kwa gramu: 11.5, 13.5, 14.

Sasa shika kete ya kasino ya Marekani, ile inayoitwa ya udongo kweli. Ina upana wa milimita 39 hivi na uzito wa gramu 8.5 hadi 10 na kidogo. Ni nyepesi! Haina chuma. Imetengenezwa kwa mchanganyiko wa unga wa madini, ukiwemo udongo kiasi, na vitu vya kuugandisha, ukashindiliwa kwa joto ndani ya kalibu. Ile mistari ya rangi pembeni haikupakwa. Ni vipande vya rangi nyingine vilivyopachikwa kabla ya kushindiliwa, ndiyo maana haibanduki. Kila kiwanda huficha fomula yake, na hakuna anayedai kwamba ni udongo mtupu. Hata zile zinazoitwa za seramiki si kigae. Ni plastiki ya aina yake, isiyo na chuma, inayochapwa picha uso mzima hadi ukingoni.

Kwa hiyo tangazo la "udongo, gramu 14" linajikanusha lenyewe. Gramu hizo ndizo ushahidi kwamba huo si udongo. Ukibisha, chukua sumaku ya mlango wa friji uiguse kete yako. Mara nyingi itanata.

Kuna muuzaji mmoja niliyemwuliza swali hili la sumaku. Akanijibu, "Lakini bosi, zinasikika poa mkononi." Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sina neno na plastiki. Mtu akiniambia hii ni plastiki yenye chuma, bei ni hii, nitanunua nikitaka na tutaachana kwa heri. Ninachokataa ni kulipia jina. Meza ya poka ni mahali ambapo udanganyifu una mipaka inayojulikana: unaruhusiwa kudanganya kwa uso na kwa dau, basi. Kila kitu kingine pale mezani sharti kiwe kweli, la sivyo hakuna mchezo. Kete ndiyo ya kwanza.

Tena uongo wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza, maana huo unagusa mfuko wa mgeni wako. Ni uongo wa namba. Seti nyingi zinakuja zimechapwa thamani za huko zilikotoka: 1, 5, 25, 100, 500, 1000, nyingine na alama ya dola juu. Niambie, nani amewahi kushika sarafu ya shilingi 25? Hesabu yetu inakwenda kwa 5, 10, 20, 50, 100. Basi watu wanakubaliana papo hapo kwamba ile ya 25 ni shilingi 5, ya 100 ni 20, na ya 1000 ni 100. Saa mbili usiku wote wanakumbuka. Saa saba, bia zimeshuka na mtu wa tano amechelewa kuja bila kuelezwa vizuri, unasikia: "Kumbe hii ya mia ni ishirini? Mimi nilidhani nimepandisha kwa mia!" Kicheko kinatoka, lakini kuna mtu mmoja hacheki. Huyo ndiye aliyekuja na nauli ya kurudi na 500 ya mchezo, na sasa hajui ni ipi aliyoiweka katikati.

Kasino ilipenda kete kwa sababu inaficha pesa. Noti ya 1000 unaiona, unamkumbuka fundi, unaikumbuka kodi ya nyumba. Duara la rangi ya zambarau halikukumbushi mtu yeyote. Kwa kasino hiyo ni faida, kwa kuwa wewe ni mteja na haikujui. Lakini mimi nawajua wanaokaa kwenye meza yangu. Najua nani ana mtoto anayefungua shule Januari. Kwa nini niwawekee mbele chombo kilichobuniwa kuwasahaulisha? Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kete ya nyumbani iwe daftari, kila mtu aisome kutoka upande wake wa meza bila kuuliza.

Najua nitaambiwa, si afadhali basi kutumia pesa zenyewe? Hapana. Sarafu za 20 zikichanganyika na za 5 na noti zilizokunjwa, hakuna anayejua fungu la katikati ni kiasi gani, na kila mkono unasimama watu wakitafutiana chenji. Wengine watasema tusicheze kabisa, kamari ni kamari. Hoja hiyo naiheshimu, na asiyetaka kucheza asilazimishwe. Lakini asiilinganishe meza yangu na ile kamari ya simu, ambapo kijana anapoteza mshahara peke yake kitandani bila mtu kumwona. Mezani kwangu rundo lako likipungua tunaliona sote, na kuna atakayekuambia, "Ndugu, leo imetosha." Hilo linawezekana tu kama rundo linasema kweli.

Halafu kuna suala la wingi. Kete 500 za nini? Tuhesabu. Watu sita, 500 kila mmoja, dau la lazima 5 na 10. Mpe kila mtu kete 20 za shilingi 5, 10 za shilingi 20, na 2 za shilingi 100. Hizo ni 100, na 200, na 200: jumla 500 kamili, kwa kete 32. Watu sita, kete 192. Seti ya 300 inakutosha na ya akiba inabaki kwa atakayeongeza. Zile 500 za gramu 14 zina kilo 7. Nani anakufuata na kilo 7 za chuma kwenye matatu?

Basi nunueni hivi. Mwenye uwezo na atafute za udongo wa kushindiliwa, akijua kwamba moja tu yaweza kuzidi dola moja, na kwamba kampuni kama Paulson kwa kawaida huuzia kasino, si mimi na wewe. Akizipata asiziloweke kwenye maji ya moto. Zikiwa mpya zina ukakasi na kingo kali. Zitalainika kwa mikono ya wachezaji, na sauti yake zikigongana ni ya chini, kitu ambacho jirani wa ghorofa ya chini atakushukuru. Wa kipato cha kati achukue za seramiki, achapishe 5, 20 na 100 kwa herufi kubwa, kila moja na rangi yake. Na picha yenu wenyewe iwekwe juu, kwa sababu kete za kawaida zinauzwa kila mahali, na hakuna kinachomzuia mgeni kuja na tano mfukoni zinazofanana na zenu. Aliyekwisha kununua za plastiki na chuma asizitupe. Abandike karatasi juu ya zile namba za kigeni, aandike shilingi, aache kuziita udongo.

Na asiye na pesa ya kununua chochote asione haya. Neno lenyewe kete halikuja na Las Vegas. Pwani wanacheza bao kwa kete 64, mbegu za mkomwe, kijivu, ngumu, laini mkononi, na hakuna aliyewahi kuzitangaza kwa gramu. Vizibo vya soda navyo vinafaa: chekundu 5, cha buluu 20, cha kijani 100, mkiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Mchezo hautapungua hata kidogo. Kizibo hakijawahi kujifanya kitu kingine, na usiku ukiisha kila mtu atajua amekula ngapi, ameliwa ngapi, na kama nauli bado ipo.