Kipimo cha Shamba na Mbegu ya Mtama



Huku Dodoma mvua ni ya msimu mmoja tu, huanza Desemba na kwisha Aprili, na mbegu iliyo ghalani ndiyo pia chakula cha watoto mpaka mavuno. Azidishaye mbegu shambani hupunguza chungu cha nyumbani, na apunguzaye huacha ardhi tupu. Kwa hiyo twaonelea vijana wetu wajifunze hesabu hii.

Kwanza ni kupima. Husemwa kuwa ekari ni hatua 70 kwa 70. Hatua ikiwa yadi moja, twapata yadi za mraba 4,900, na ekari kamili ni 4,840, zakaribiana. Lakini hatua ikiwa mita moja, ni mita za mraba 4,900, hali ekari ni 4,047 tu: imezidi kwa sehemu ya tano. Afadhali kamba yenye mafundo ya mita.

Pili ni kuhesabu. Tuchukue shamba la mita 90 kwa 60, yaani mita za mraba 5,400, au ekari moja na theluthi. Mtama ukipandwa kwa sentimita 75 baina ya mistari na 30 baina ya mashimo, kila shimo lachukua mita ya mraba 0.225. Gawanyeni 5,400 kwa 0.225, mtapata mashimo 24,000. Kwa mbegu 4 kila shimo, ni mbegu 96,000. Hesabuni mbegu 1,000 mkazipime kwenye mizani. Zikiwa gramu 30, shamba zima lataka gramu 2,880, karibu kilo 3. Ongezeni robo yake ya kurudishia penye mapengo. Wala msitegemee kibaba pasipo mizani, maana kibaba cha mtama na cha alizeti havilingani uzito.

Lakini hesabu peke yake haitoshi. Mradi wa karanga ulioanza Kongwa mwaka 1947 ulipangiwa, pamoja na sehemu nyingine, ekari 3,210,000. Udongo ulikuwa mgumu wakati wa kiangazi, mvua zikapungua, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Tuijue ardhi kabla ya kushika kalamu.

Tena kuna zaka. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, nisabu ya nafaka ni wasaki 5, kadiri ya kilo 653. Na shamba la mvua hutoa sehemu ya kumi. Asiyejua kipimo cha mazao yake, ataijuaje haki ya maskini iliyomo ndani yake?

Wabillahi tawfiq.